Mpaka Uliomo Ndani ya Molekuli

Katika mji wa Busia upo mstari ambao udongo wenyewe haujui habari zake. Mvua inyeshayo upande wa Kenya hailipi ushuru inapohamia upande wa Uganda, na mbu aliyezaliwa katika dimbwi la upande mmoja huuma watu wa upande wa pili bila kuonyesha pasi. Wasamia na Waiteso walikaa pande zote mbili kabla mstari huo haujachorwa. Mwaka 1902 Waingereza waliiondoa sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda wakaitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ikawa Kenya. Mwaka 1926 amri ya Serikali yao ikaueleza mpaka kwa maandishi, ukifuata kwa sehemu mto Sio na mto Malaba. Mtaalamu wa miamba akichimba hata futi mia, hataukuta mpaka huo chini ya ardhi.

Hata hivyo hakuna askari wala polisi atakayesema kwamba mpaka ni ndoto. Mpaka upo. Una sheria zake, una lango lake, na mtu akiuvuka kwa njia isiyo halali hujikuta mbele ya hakimu. Upo kwa sababu mbili: kwanza, historia iliuweka hapo, pili, wapo walinzi wanaouliza kila apitaye anatoka wapi na anakwenda wapi.

Ndugu msomaji, yamkini utastaajabu kuambiwa kwamba wanakemia wa nadharia wamekuwa wakibishana kwa muda wa karibu miaka mia moja juu ya jambo linalofanana sana na hilo. Ubishi wao ni juu ya umbo la molekuli, yaani kile chembe kidogo kabisa cha dawa, cha sukari, cha maji au cha sumu ambacho bado kinaweza kuitwa kwa jina la kitu hicho. Je, umbo hilo limo katika maumbile yenyewe, kama jiwe lilivyomo mlimani? Au linasimama kama mpaka wa Busia unavyosimama, kwa nguvu ya historia na ya ulinzi? Swali hili laonekana kuwa la wasomi peke yao, lakini athari zake zafika hadi kwenye kibonge cha dawa anachomeza askari aliye lindoni, na hadi kwenye katoni anayoifungua mkaguzi pale Busia au Malaba.

FOMULA MOJA, VITU VIWILI

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi. Kila molekuli ni kundi la atomu zilizoshikamana, na hesabu ya atomu hizo ndiyo iitwayo fomula. Zamani watu walidhani kwamba ukijua fomula umekijua kitu. Sivyo. Kwinini, dawa ya malaria inayojulikana sana kwetu, ina atomu 20 za kaboni, 24 za hidrojeni, 2 za nitrojeni na 2 za oksijeni. Ipo dawa nyingine iitwayo kwinidini, yenye hesabu hiyo hiyo bila kuzidi wala kupungua hata atomu moja. Zote mbili hupatikana katika magome ya mti wa sinkona, mti ambao umelimwa kwa miaka mingi katika milima ya mashariki ya Kongo, na ambao kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kimetoa kwinini kutoka kwake. Lakini daktari hazichanganyi. Kwinidini imetumiwa hasa kurekebisha mapigo ya moyo. Nayo pia huua vimelea vya malaria, ila hatari yake kwa moyo ni kubwa zaidi.

Tofauti ya dawa hizo ni mpangilio tu. Katika sehemu mbili za mwili wa molekuli, atomu zilizoelekea upande mmoja katika kwinini zimeelekea upande mwingine katika kwinidini. Askari ataelewa upesi akitazama buti zake. Buti la kulia na la kushoto zina ngozi ile ile, soli ile ile, matundu ya kamba idadi ile ile. Ukiziweka kwenye mizani ni sawa. Ukilisimamisha buti la kulia mbele ya kioo, utaona ndani ya kioo buti la kushoto. Lakini hebu jaribu kupiga gwaride na buti la kulia katika mguu wa kushoto! Mwili wa binadamu umejaa miguu ya namna hiyo, yaani mahali padogo padogo ambapo molekuli ya dawa hukaa ipate kufanya kazi. Yenye umbo la kufaa huingia. Isiyofaa hukataliwa, au huingia mahali pengine ikaleta madhara.

JIWE LA TORORO NA SIRI YA MWANGA

Watu walijuaje kushoto na kulia kwa kitu ambacho hakionekani kwa macho? Hapa habari yapita karibu na Tororo. Milima ya Tororo na Sukulu ni mabaki ya volkeno za kale za aina ya peke yake: zilitoa miamba ya chokaa, nayo ndiyo iliyokilisha kiwanda cha saruji cha Tororo tangu miaka ya 1950. Madini makubwa ya miamba hiyo huitwa kalsaiti. Kalsaiti ya Tororo si angavu, lakini madini hayo hayo huko Iceland hupatikana yakiwa safi kama kioo, na mwaka 1669 mtaalamu wa Denmark, Rasmus Bartholin, alieleza kwamba ukiliweka jiwe hilo juu ya maandishi, kila herufi huonekana mbili. Sababu ni kwamba atomu zake zimepangwa kwa namna inayougawa mwanga mafungu mawili.

Mwaka 1828 William Nicol wa Uskoti alilikata jiwe la kalsaiti na kuliunga tena kwa namna ambayo fungu moja tu la mwanga lilipita, nalo likawa linatikisika katika mwelekeo mmoja, kama askari wa kikosi wanaoinua mkono mmoja kwa pamoja. Mfaransa Jean-Baptiste Biot alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba vimiminika kadha wa kadha huupindisha mwanga wa namna hiyo, vingine kulia, vingine kushoto. Ndipo mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, akatazama kwa hadubini chumvi ya asidi ipatikanayo katika mvinyo. Aliona fuwele za aina mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine katika kioo. Akazichambua kwa mkono, moja moja, akaziyeyusha kila aina peke yake. Maji ya fungu moja yalipindisha mwanga kulia, ya fungu la pili kushoto.

Mwaka 1874 Mholanzi J. H. van 't Hoff, aliyekuwa na miaka 22, na Mfaransa J. A. Le Bel, kila mmoja kwa njia yake, walieleza sababu: atomu ya kaboni hunyoosha mikono minne kuelekea pembe nne, na vitu vinne tofauti vikishikwa na mikono hiyo vyaweza kupangwa kwa namna mbili zinazotazamana kama buti mbili. Wakati huo walikuwapo wakubwa wa kemia waliomdhihaki van 't Hoff kwamba anaota ndoto. Mwaka 1901 yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hadi leo kifaa cha kupima upindaji wa mwanga hutumika kuhakiki dawa. Kwinini hupindisha mwanga kushoto, kwinidini hupindisha kulia, na mpimaji mwenye kifaa hicho hazikosei.

MBU WA TORORO HAHESABU ATOMU

Wilaya ya Tororo imejulikana duniani kwa wingi wa malaria. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja huko aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Katika vita hivyo silaha kuu imekuwa chandarua kilichotiwa dawa, na dawa hiyo asili yake ni ua la pareto, ambalo Kenya kwa miaka mingi ilikuwa mzalishaji wake mkubwa kuliko nchi zote.

Katika miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitengeneza dawa za kuigiza ile ya pareto. Moja ni permethrini, ambayo majeshi kadhaa, likiwemo la Marekani, hutia katika sare za askari ili kuwafukuza wadudu. Nyingine ni deltamethrini, iliyotangazwa mwaka 1974. Molekuli ya deltamethrini ina sehemu tatu zinazoweza kugeuzwa kushoto au kulia, kwa hiyo kwa hesabu yaweza kuwa na maumbo manane. Fomula ya yote manane ni moja, lakini kilichochaguliwa kuwa dawa ni umbo moja tu. Neva za mbu zina mlango, na umbo hilo ndilo linalokaa mlangoni na kuuzuia usifungwe. Mbu hahesabu atomu, hutambua umbo.

Naye mbu amejifunza. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa magharibi ya Kenya wamebadilisha kiungo kimoja kidogo katika mlango huo wa neva, hata dawa haishiki tena barabara. Kwa maneno mengine, kufuli limebadilishwa huku ufunguo ukibaki ule ule. Ndiyo maana Tororo ilipoanza kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba mwishoni mwa mwaka 2014, haikutumia dawa za jamii ya pareto. Ilitumia bendiokabu, na baadaye pirimifosi-methili, dawa zenye umbo la kushika mlango mwingine kabisa. Malaria ikashuka kwa kiasi kikubwa. Ushindi huo ulitokana na kujua maumbo.

MLINGANO USIOJUA KUSHOTO WALA KULIA

Hadi hapo mtu atauliza: ubishi uko wapi, ikiwa umbo limeonekana, limepimwa na limetumika? Ubishi ulizaliwa na mafanikio makubwa ya fizikia. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger aliandika mlingano unaoeleza mwendo wa elektroni na viini vya atomu. Mlingano huo ndio sheria kuu. Kwa kanuni, tabia zote za molekuli zapaswa kutokana nao.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ukitaka kuandika mlingano wa kwinini, unaingiza viini 20 vya kaboni, 24 vya hidrojeni, 2 vya nitrojeni, 2 vya oksijeni, pamoja na elektroni zao zote. Ukitaka kuandika mlingano wa kwinidini, unaingiza vitu vivyo hivyo. Mlingano ni mmoja! Ndani yake hamna mahali palipoandikwa kwamba atomu hii isimame hapa na ile pale. Sheria hiyo haibagui kushoto na kulia, isipokuwa kwa tofauti ndogo mno. Haitofautishi hata kaboni ya kwanza na ya ishirini. Ina ulinganifu kamili, kama sheria ya nchi isivyomtambua mtu kwa sura yake. Basi umbo latoka wapi?

Mwaka 1927 Max Born na J. Robert Oppenheimer walitoa njia ya kufanya hesabu. Viini ni vizito mno kuliko elektroni, wakasema, basi na tuvichukulie kana kwamba vimesimama, kisha tuhesabu elektroni zinavyovizunguka. Njia hiyo imezaa matunda mengi, na hadi leo ndiyo msingi wa kazi za wanakemia. Lakini mwenye kuchunguza ataona kwamba umbo halikupatikana katika sheria. Liliingizwa kwa mkono pale tuliposema viini vimesimama.

Mwaka huo huo Friedrich Hund wa Ujerumani aliuliza swali lenye makali. Ikiwa sheria haibagui kushoto na kulia, basi molekuli iliyotulia kabisa ingepaswa kuwa katika hali ya pande zote mbili kwa usawa. Kwa nini basi tunakuta sukari ya upande mmoja na kwinini ya upande mmoja?

CHUNGU, MAFIGA NA NJIA ZA PANYA

Swali la Hund si la kubuni. Ipo molekuli inayofanya hasa kama mlingano unavyotaka: amonia, gesi yenye harufu kali inayotumika kutengenezea mbolea. Atomu tatu za hidrojeni zimekaa kama mafiga matatu, na atomu ya nitrojeni imekaa juu yake kama chungu. Ili chungu kipite katikati ya mafiga na kutokea upande wa chini, lazima kipande kilima cha nishati, na kwa kawaida hakina nguvu za kutosha. Hata hivyo hupita. Fizikia ya kwanta hukiruhusu kutokea upande wa pili bila kupanda kileleni, mithili ya mpitishaji magendo asiyefika kwenye lango la Busia bali hupita njia za panya.

Tena hupita kwa kasi isiyoelezeka: hugeuka na kurudi karibu mara bilioni 24 kwa sekunde. Mwaka 1934 Wamarekani Cleeton na Williams waliupima mtikisiko huo kwa mawimbi ya redio ya aina itumikayo katika rada, na mwaka 1954 Charles Townes na wenzake wakautumia kutengeneza mtambo uliokuwa mtangulizi wa leza. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Amonia imeelekea juu au chini?", jibu la kweli ni kwamba swali lenyewe lina kasoro. Kwa muda mfupi kabisa ina upande. Kwa muda mrefu zaidi haina.

Ipo pia bulvaleni, molekuli yenye kaboni 10 na hidrojeni 10, iliyotabiriwa na kutengenezwa mwaka 1963. Atomu zake hubadilishana nafasi bila kukoma, hata maumbo yanayowezekana yafikia 1,209,600, yote yakiwa sawa. Ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 100, vipimo haviwezi kuitofautisha kaboni moja na nyingine. Mwaka huo huo wa 1963 H. C. Longuet-Higgins wa Cambridge alitoa namna mpya ya kuhesabu ulinganifu wa molekuli zisizotulia. Hapo awali ulinganifu ulipimwa kama wa sanamu: ukiizungusha, je, yafanana na ilivyokuwa? Yeye aliupima kwa kuuliza ni atomu zipi zinaweza kubadilishana nafasi kwa kweli katika muda wa kipimo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kulifikiria upya wazo la ulinganifu. Uliacha kuwa sifa ya sanamu, ukawa sifa ya mwendo.

WALINZI WA UMBO

Tukirudi kwa Hund, jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba katika molekuli nyingi kilima cha nishati ni kirefu mno. Njia za panya zipo, lakini kuzipita kungechukua muda mrefu kupita kiasi. Jibu hilo ni zuri, nalo laeleza kwa nini molekuli ya kushoto hubaki kushoto. Halielezi kwa nini hatuikuti kamwe molekuli ya sukari katika ile hali ya pande mbili ambayo mlingano unairuhusu.

Katika miaka ya 1970 mwanakemia wa Uingereza R. G. Woolley alilishika swali hilo bila huruma. Mwaka 1978, katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, alichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama ni lazima molekuli iwe na umbo. Hoja yake ilikuwa kwamba molekuli iliyo peke yake kabisa, isiyoguswa na chochote, haina umbo katika maana ya vitabu vya shule. Umbo ni jambo la molekuli iliyo pamoja na nyingine. Wengi walikasirika, wengine walisema ametoboa siri ambayo wenzake waliificha chini ya mkeka.

Mwaka 1985 wanafizikia wa Ujerumani E. Joos na H. D. Zeh walionyesha kwa hesabu jinsi mazingira yanavyofanya kazi hiyo. Molekuli katika hewa au katika maji haiko peke yake hata kidogo. Kila mara inagongwa na molekuli nyingine, inapigwa na mwanga. Kila mgongano ni kama swali la mlinzi: "Uko upande gani?" Kwa kuulizwa mara nyingi namna hiyo, ile hali ya kuwa pande zote mbili hutoweka, na molekuli hubaki na upande mmoja. Mwaka 2009 Trost na Hornberger waliendeleza hesabu hizo kwa molekuli zenye kushoto na kulia, nao wakaonyesha kwamba migongano ya kawaida yaweza kuziimarisha katika upande wake.

Mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema kwamba mazingira yameeleza kila kitu. Wapo wanaosema kwamba hata mgawanyo wenyewe wa "molekuli" na "mazingira" ni sisi tuliouleta. Lakini fundisho moja limesimama imara: umbo ni la kweli, wala si la milele. Lasimama juu ya nguzo tatu, yaani urefu wa kilima cha nishati, historia ya jinsi molekuli ilivyotengenezwa, na mazingira yanayoilinda. Nguzo moja ikilegea, umbo hulegea.

GHARAMA YA KUSAHAU

Ulimwengu ulikwisha kulipa gharama ya kulichukua umbo kwa wepesi. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi. Ilikuwa mchanganyiko wa umbo la kushoto na la kulia. Wanawake wajawazito waliitumia, na kabla haijaondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na viungo vilivyodumaa. Baadaye watu walisema madhara yalitokana na umbo moja tu, na kwamba lingetengwa pasingekuwa na msiba. Lakini ikaonekana kwamba ndani ya mwili wa binadamu maumbo hayo mawili hugeuzana katika muda wa saa chache. Hata ukimeza la upande mmoja lililo safi, muda si mrefu unayo yote mawili. Kilima chake ni kifupi, na mwili wenyewe humfungulia lango yule uliyemfungia nje. Aliyedhani umbo ni kitu kisichobadilika angeweza kurudia msiba ule ule kwa jina la usafi.

Askari wanao mfano wao. Meflokwini, dawa ya kuzuia malaria, ilitokana na utafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, na imetolewa kwa askari wa majeshi kadhaa. Nayo huuzwa ikiwa mchanganyiko wa umbo la kushoto na la kulia, na maumbo hayo hayafanyi kazi kwa namna moja mwilini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la daraja la juu kabisa kwa sababu ya madhara katika akili na neva. Upande mwingine upo mfano wa faraja. Mwaka 1967 jeshi la China lilianzisha Mradi 523 ili kutafuta dawa ya malaria kwa askari waliokuwa wakifa katika misitu ya Vietnam. Kutoka katika mmea wa pakanga ya Kichina ikapatikana artemisinini, ambayo nguvu yake imo katika daraja la atomu mbili za oksijeni lililokingwa ndani ya umbo la molekuli. Tu Youyou, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa zilizotokana nayo ndizo zinazotibu malaria leo Busia, Tororo na kwingineko.

FUNZO KWA ALIYE LANGONI

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi maskini na za kipato cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni ya bandia au haikufikia kiwango. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, huwakutanisha maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na bidhaa nyingi hupita hapo kila siku. Kazi ya kupima dawa ni ya wataalamu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Lakini mara nyingi wa kwanza kuitilia shaka katoni ni polisi au askari, na yapo mambo matatu ambayo kemia hii yamfundisha.

Kwanza, jina na fomula havitoshi. Karatasi yaweza kusema kweli juu ya atomu zilizomo huku ikinyamaza juu ya umbo. Hata baadhi ya vipimo vya haraka, vinavyotenganisha dawa kwa kuipandisha katika bamba jembamba, haviwezi kuitambua buti ya kulia na ya kushoto. Kwa hiyo dawa iliyotiliwa shaka ipelekwe maabara, isirudishwe sokoni kwa sababu imefaulu kipimo kimoja.

Pili, ulinzi wa dawa hauishii kwenye lango. Umbo huhifadhiwa na mazingira. Joto na unyevu humpa adui nguvu za kupanda kilima ambacho vinginevyo asingekipanda. Dawa za jamii ya artemisinini huharibika upesi zikiwekwa katika hali hizo. Katoni iliyokamatwa ikaachwa juani kwa wiki mbili kama kielelezo cha kesi, au shehena halali iliyozuiliwa ndani ya lori la bati, yaweza kufika kwa mgonjwa ikiwa na jina lile lile na nguvu iliyopungua.

Tatu, adui hubadilisha kufuli. Mbu wa magharibi ya Kenya walilibadilisha mbele ya pareto. Na mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda wameonekana vimelea vya malaria vinavyostahimili artemisinini kwa kiasi. Dawa hafifu, yenye kuua nusu na kuacha nusu, ndiyo shule ya vimelea hivyo. Anayeipitisha dawa hiyo kwa njia ya panya, hata kama hamuui mgonjwa mmoja leo, anawafundisha maadui wa kesho.

Wanakemia wataendelea kubishana kama umbo ni la asili au la ulinzi. Mlinzi wa mpaka hahitaji kungoja hukumu yao. Yeye ajua tayari kwamba jambo laweza kuwa halikuandikwa katika udongo, na bado likawa kweli tupu, maadamu wapo wanaolisimamia. Mstari wa Busia ni wa namna hiyo. Kushoto na kulia kwa dawa iliyomo katika mfuko wa mgonjwa wa Tororo ni kwa namna hiyo pia, nako kwahitaji kulindwa kila siku, kuanzia kiwandani hadi kitandani.